Laptopu Iliyougua Ukumbini

Ghizlan aliingia soko la Darb Ghalef, Casablanca, saa sita mchana, laptopu yake ikiwa wazi mikononi, ikipiga muziki kwa sauti yake yote. Hakuthubutu kuifunga. Mafundi wanne walikwisha kumwambia kuwa mashine ni nzima, naye alikuwa ameapa: ikikwaruza tena, hata iwe katikati ya njia, atamshika fundi wa karibu kwa ukosi wa shati asikie kwa masikio yake mwenyewe.

Watu walimpisha wakicheka. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na saba, mwembamba, amevaa joho la jilaba la rangi ya limau na raba nyeupe, hedifoni zimemzunguka shingoni kama mkufu, nywele amezibana kwa penseli. Macho yote yalikuwa kwenye skrini. Ndiyo maana hakumwona mwanamume aliyetoka kwenye mkokoteni wa supu ya konokono, bakuli limejaa pomoni.

Walikutana kwenye kona ya wauza chaja. Bakuli likayumba. Katika nukta ile moja, mwanamume alikuwa na mahali pawili pa kuimwagia supu ile ya moto, akachagua kifua chake.

"Mama yangu! Umeungua?" Ghizlan alipiga ukelele.

"Imeingia?" aliuliza yule mtu, meno ameyauma.

"Nini?"

"Supu! Kwenye kibodi!"

"We kichaa nini? Shati linakufuka moshi, unauliza kibodi?"

"Shati hufuliwa, Lalla," alimjibu, akimwita bibi kwa heshima. "Kibodi haifuliwi." Akamwondoa konokono mmoja aliyekwama mfukoni. "Mimi Anwar. Na watu hawatembei sokoni hapa na laptopu wazi namna hiyo ila wameshafukuzwa na mafundi watatu."

"Wanne."

"Basi mimi wa tano. Njoo."

Ghizlan alimtazama vizuri. Kijana mrefu, ndevu chache, vidole vya mikwaruzo ya bisibisi, shati la buluu ambalo sasa lilinukia zaatari na pilipili. Akacheka. Wiki nzima hakuwa amecheka.

Kibanda cha Anwar kilikuwa na upana wa mikono miwili iliyonyooshwa. Jirani yake, Bwana Bushaib, au Si Bushaib kama wote walivyomwita, mzee wa kutengeneza simu, alikisogeza kiti chake karibu ili asikose neno.

"Niambie ugonjwa," Anwar alisema.

"Mimi ni DJ. Napiga kwenye sherehe za wanawake: hina, siku ya saba ya mtoto, mambo hayo. Nyumbani inaimba kama chiriku. Nikifika ukumbini, dakika kumi tu, krr, krr, sauti inakwaruza, wimbo unaganda, halafu unaruka. Wanawake wamenyanyua mikono, wamefumba macho, kiuno kiko njiani, mara kimya! Wote wananigeukia. Unayajua macho ya wanawake mia mbili waliokatiziwa ngoma?"

"Siyajui, na Mungu aniepushe nayo."

"Jumamosi iliyopita bibi mmoja alinirushia tende."

Si Bushaib alicheka mpaka akapaliwa.

Anwar aliichomeka mashine, akafungua programu ya muziki, akaacha nyimbo zifuatane. Saa nzima ikapita. Haikukwaruza hata mara moja. Ghizlan aliikazia macho kama mama anayemtazama mtoto aliyelia njia nzima akanyamaza mbele ya daktari.

"Basi siku ikiugua nirekodie video," Anwar alisema.

"Haiwezekani. Simu zote huwekwa kapuni mlangoni, hata yangu. Wanawake wamevua mitandio, wamevaa wanavyotaka. Hakuna picha, hakuna mwanamume. Hata anayegawa chai ni mwanamke."

"Kwa hiyo mgonjwa anaugulia mahali ambapo daktari haruhusiwi kuingia."

"Ndiyo hivyo, Si Anwar."

"Basi tutamtibu kwa masimulizi."

Alifanya kazi akizungumza, kama watu wengine wanavyofuma. Alizima programu kumi na moja zilizokuwa zikijiwasha zenyewe. Akaitoa mashine kwenye hali ya kubana umeme. Akaipa sauti nafasi zaidi ya kujipanga kabla ya kutoka, ili mashine isikimbizwe. Mwisho akafunga intaneti. "Hii usiifungue ukiwa kazini. Inaamka kila dakika kutafuta habari, nayo kila ikiamka inaikanyaga sauti. Ukimaliza, nipigie."

Jumamosi, baada tu ya adhana ya magharibi, simu ya Anwar ililia.

"Dakika ishirini na tano!"

"Imepona?"

"Imekohoa baada ya dakika ishirini na tano. Zamani zilikuwa kumi. Umemrefushia maisha, daktari."

"Huyo siyo daktari, huyo ni mganga wa kubahatisha. Umeme ulichomeka wapi?"

"Kwenye waya wa nyongeza, pamoja na taa za rangi."

"Na chaja? Ile uliyokuja nayo?"

"Ile nilimwachia mama. Kazini natumia ya kaka yangu, nyepesi kubeba."

"Ghizlan. Chaja ya kaka yako ni ya mashine ndogo. Yako inataka sahani, wewe unailisha kwa kijiko cha chai."

"Usinigombeze, nimeshinda nimesimama tangu adhuhuri."

"Sikugombezi. Umekula?"

Ndivyo ilivyoanza. Swali moja la chaja, moja la chakula. Wiki iliyofuata, kwa chaja yake mwenyewe na tundu lake peke yake ukutani, mashine ilifika dakika thelathini na tano. Anwar akaifungua, akasafisha feni kwa brashi ya kupakia rangi, ikafika arobaini. Simu za magharibi zikarefuka kuliko sherehe zenyewe. Siku moja walikwenda kutembea kando ya bahari ya Ain Diab, upepo ukivuma mpaka upindo wa jilaba unachapa, wakila maandazi ya sfenji ya moto yaliyotungwa kwenye ukindu.

"Unawaza nini?" Ghizlan aliuliza.

"Wewe."

"Mwongo. Unawaza laptopu."

"Nakuwaza wewe ukiwa nyuma ya laptopu."

"Hapo umejitahidi." Akampangusa sukari kidevuni kwa ncha ya kidole. "Tulia basi, ini langu. Hata ukikaa miguu inacheza. Mama yangu akikuona atakuuliza kama una minyoo."

Katika yote hayo Anwar alisikia neno moja tu, lile la mapenzi: ini. Usiku huo alilirudia kitandani mpaka mdogo wake wa chumba cha pili akagonga ukuta.

Lakini kutulia hakukumjia. Mashine ilimkera kama mfupa wa samaki kooni. Kila alichorekebisha kilisaidia, hakuna kilichoponya. Alisikia mikwaruzo ndani ya tramu, ndani ya maji ya birika. Na chini ya kero hiyo kulikuwa na jambo jingine ambalo hakujikubalia: alitamani kuiponya, lakini zaidi alitamani aonekane ndiye aliyeiponya. Alitaka siku moja Ghizlan atoke ukumbini macho yanang'aa, naye awe anajua tayari.

Kisha ikaja kazi ya Lalla Sukaina. Lalla Sukaina alikuwa mfamasia wa mtaa wa Maarif, mjane, mwanamke ambaye hata mapolisi walimwamkia kwanza. Binti yake anatiwa hina Jumapili alasiri, Ukumbi wa Yakuti. Meneja wa ukumbi alimwambia Ghizlan waziwazi: ukipiga vizuri, majira yote ya kiangazi ni yako, mashine ikiganda tena, usirudi.

Ijumaa alimpelekea Anwar laptopu aikague mara ya mwisho. Alikuwa na furaha na woga, anasema bila kituo: kaftani atakayovaa, ya kijani kibichi yenye vifungo vya hariri, mama yake aliyetaka kuja kujificha jikoni amsikilize, wimbo atakaomtolea bibi harusi. Anwar aliitikia huku mikono ikifanya kazi. Alikuwa ameweka programu moja ndogo ndani ya mashine. Programu hiyo ingempelekea kibandani, kwa intaneti, namba zote za ndani: mashine inakimbia kiasi gani, inakula umeme kiasi gani, ina joto kiasi gani. Ingemwonyesha pia skrini ile ya muziki. Kamera haikuhusika.

Alitaka kumwambia. Alifungua kinywa mara mbili. Mara ya kwanza Ghizlan alikuwa akisimulia habari za mama yake. Mara ya pili Anwar alijiambia, ni namba tu, kwa nini nimtie wasiwasi?

"Ghizlan, safari hii intaneti iache wazi."

"Si ulisema niifunge?"

"Nataka kujaribu kitu."

"Kitu gani?"

"Kitu kidogo. Niamini."

"Nakuamini," alisema, akaichukua mashine yake, akaondoka akiimba.

Jumapili alasiri Ukumbi wa Yakuti ulijaa kaftani za kila rangi, udi, maua ya machungwa na vicheko. Kapu la simu lilifurika mlangoni. Ghizlan alisimama mahali pake karibu na kiti cha enzi cha bibi harusi. Nyuma yake skrini kubwa ya ukutani ilichukua picha kutoka kwenye laptopu: maua yanayoelea, na jina la bibi harusi kwa herufi za dhahabu. Nusu saa, hakuna mkwaruzo. Dakika arobaini, hakuna. Wanawake waliimba pamoja naye. Lalla Sukaina mwenyewe, ambaye miaka sita tangu afiwe hakuwa amecheza, alivua mtandio, akaingia katikati, nywele zake za mvi zikamwagika mgongoni.

Kibandani, Anwar aliona namba ya joto ikipanda. Themanini. Tisini. Tisini na sita. Akabonyeza aone vizuri zaidi.

Ukutani mwa Ukumbi wa Yakuti, juu ya maua na jina la bibi harusi, likafunguka dirisha jeupe lenye upana wa mita mbili:

ANWAR AMEUNGANISHWA. ANATAZAMA SKRINI HII.

Kisha mwanamke mmoja akasoma kwa sauti, na neno "anatazama" likakimbia ukumbini kama moto kwenye nyasi kavu. Mitandio ikanyakuliwa. Meza ikapinduka. Bibi harusi akajifunika uso kwa mikono yenye hina mbichi, hina ikabaki mashavuni. Ghizlan alichomoa waya mmoja, na wa pili, na wote, akipaza sauti kwamba kamera haioni, asisikike.

"Anwar ni nani?" Lalla Sukaina aliuliza. Hakupaza sauti. Alikuwa ameshika mtandio kichwani.

"Ni... ni fundi wangu, Lalla."

"Toka."

Simu ilimlilia Ghizlan mkononi mara tu alipoitoa kapuni.

"Ghizlan! Nimeupata ugonjwa!" Anwar alikuwa anapiga kelele kwa furaha. "Ni joto! Mashine inapikika! Tisini na saba, nimeiona kwa macho yangu, halafu ikajipunguza nguvu yenyewe ili isiungue, ndiyo maana sauti..."

"Umeona."

"Nimeona kila kitu! Hapana, namba, namaanisha..."

"Umeingia kwenye mashine yangu."

"Programu ndogo tu, kipenzi. Namba tu. Kwani nini? Mbona unalia?"

"Jina lako limetokea ukutani, Anwar. Mbele ya wanawake mia mbili vichwa wazi. Yule mama alikuwa anacheza. Miaka sita hajacheza."

Nyuma ya Ghizlan milango ya magari ilikuwa ikifungwa, mmoja baada ya mwingine.

"Sikuona mtu. Wallahi sikumwona mtu yeyote. Kamera sikuigusa."

"Nilikuuliza, kitu gani? Ukasema niamini." Akakata. Kisha akamfungia simu, na ujumbe, na kila tundu ambalo sauti yake ingeweza kupitia.

Casablanca ni mji mkubwa, lakini sherehe za wanawake ni kijiji. Siku ya tatu Ghizlan alikwisha kupata jina: DJ mwenye mwanamume ndani ya laptopu. Hina mbili, harusi moja na siku ya saba ya mapacha zikafutwa kwa simu fupi. Alikaa chumbani, mashine imefungwa juu ya kabati, akatazama ukuta. Mama yake alimletea supu ya maharage ya bisara na mkate, akakuta sahani ya jana haijaguswa. Kilichomchoma kuliko kazi ni kwamba kila magharibi, adhana ikiisha, mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye simu.

Anwar naye alikuwa mtu aliyekosa pa kujiweka. Alifungua mashine za wateja akasahau alichozifungulia. Alikwenda mtaa wa Ulfa, akasimama ng'ambo ya nyumba ya akina Ghizlan, akaona haya, akarudi. Siku ya nane Si Bushaib aliweka chini bisibisi yake.

"Unakwenda kwa mtu asiye sahihi, mwanangu."

"Nani sasa?"

"Huyo msichana umemkosea faraghani. Lakini aliyepokonywa heshima hadharani ni yule mama. Hujaenda kwake kwa sababu unamwogopa."

"Namwogopa sana, Si Bushaib."

"Ndiyo maana nakwambia nenda."

Famasi ya Lalla Sukaina ilikuwa na watu saba kwenye foleni. Anwar alisimama wa nane, shati limepigwa pasi. Zamu yake ilipofika, mfamasia alimtazama juu ya miwani.

"Nikupe nini?"

"Mimi ndiye Anwar, Lalla."

Mikono ya mfamasia ilisimama juu ya boksi la dawa.

"Niliweka programu kwenye mashine ya Ghizlan bila kumwambia," Anwar alisema, na hakushusha sauti. "Yeye hakujua. Nilitaka kujua kwa nini inaganda. Sikumwona mtu yeyote, lakini hilo huna sababu ya kuniamini. Nakuomba uichukue mashine, na yangu ya kibandani pia, umpe mwanamke yeyote mjuzi unayemwamini, azichambue. Akikuta hata kivuli cha mtu, nipeleke polisi. Asipokuta, makosa bado ni yangu. Lakini Ghizlan asibebeshwe."

Lalla Sukaina alilirudisha boksi la dawa kwenye rafu. Mzee mmoja kwenye foleni akakohoa.

"Ijumaa," alisema hatimaye. "Nyumbani kwangu, baada ya kuskusi ya mchana. Utakaa karibu na mlango na hutagusa kitu. Anayefuata!"

Ijumaa hiyo Ghizlan, aliyeitwa na Lalla Sukaina aje na mashine yake, alipoingia sebuleni, alimkuta Anwar kwenye kigoda pembeni ya mlango, magoti pamoja, kama mtoto anayesubiri sindano. Hakumsalimia. Alimpa mashine Dunia, mpwa wa Lalla Sukaina, mwanamke wa miaka thelathini na kitu aliyefundisha mambo ya kompyuta chuoni, mwenye miwani mikubwa na mtoto mchanga mgongoni.

Dunia alichambua kwa saa moja na nusu. Alifungua kumbukumbu zote za programu ile, akazisoma mstari kwa mstari, akahamia kwenye mashine ya Anwar. Mtoto akalia, akanyonyeshwa, akalala.

"Namba," alisema mwishoni. "Joto, umeme, mbio za mashine. Na picha ya skrini ya nyimbo, dakika nne. Hakuna kingine kilichotoka. Na kamera, mama mdogo..." Aliinua laptopu kuelekea dirishani, akacheka. "Kamera hii imepakwa rangi ya kucha. Nyekundu. Imekauka zamani, ina nyufa."

Lalla Sukaina alimgeukia Ghizlan. "Nani aliipaka?"

"Mimi, Lalla. Miaka miwili sasa. Tangu nianze kupiga kwenye sherehe za wanawake."

"Kwa hiyo siku ile ulijua kwamba haiwezi kutuona?"

"Nilijua. Nilisema, hakuna aliyenisikia."

"Basi huyu," akamwonyesha Anwar kwa kidevu, "umemfungia milango kwa nini, kama unajua hakuona kitu?"

Ghizlan alimtazama Anwar kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Kwa sababu nilimuuliza, akaniambia nimwamini. Kazi hii nimeijenga peke yangu. Baba alinikataza, kaka alinicheka, wanawake wenyewe walisema DJ mwanamke hajui nyaya. Halafu mtu ninayempenda anaingia ndani yake kama vile mlango ni wake."

Neno "ninayempenda" lilikuwa limeshamtoka. Hakulirudisha.

Anwar alisimama, akakumbuka hakuruhusiwa, akakaa. "Sina la kujitetea," alisema. "Nilitaka unione shujaa. Nilijifikiria mimi kwanza, ndipo wewe. Nisamehe."

Dunia, ambaye alipenda mashine kuliko machozi, alikuwa bado anakodolea namba. "Sawa, lakini joto hili la nini? Feni ni safi. Hewa yake inapita chini. Ghizlan, ukumbini unaiweka juu ya nini?"

"Juu ya meza."

"Meza tupu?"

"Hapana. Kila ukumbi, mama anayempamba bibi harusi hukitandikia kila kitu kitambaa ili kilingane na kiti cha enzi. Mahameli. Mbili, moja juu ya nyingine, na chini anaweka sponji ili isiteleze."

Anwar alijipiga kofi la paji la uso, sebule nzima ikaruka. "Mahameli! Mwezi mzima nakuuliza umeme, nakuuliza chaja, sikukuuliza meza ina nini juu!"

"Nyamaza, wewe wa mlangoni," alisema Lalla Sukaina, lakini macho yake yalikuwa yameanza kucheka. Akachukua mto wa mahameli kutoka kwenye kochi. "Wekeni hapa. Tuone."

Waliiweka laptopu juu ya mto, ikazama kidogo kama paka. Ghizlan akafungua nyimbo. Wanawake watatu na mwanamume mmoja wakakaa kimya, wanasikiliza muziki wa harusi kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Chai ikaletwa, ikapoa. Dakika kumi na tano. Feni ikaanza kulia. Dakika ishirini na mbili.

Krr. Krr. Wimbo ukaganda.

Lalla Sukaina akapiga vigelegele. Dunia akapiga vigelegele. Ghizlan, machozi yakimtiririka, akapiga vya tatu, virefu kuliko vyote, na jirani wa ghorofa ya juu akaitikia dirishani bila kujua nani anaolewa. Kisha wakageuza glasi nne tupu za chai, wakaziweka mezani, wakaisimamisha mashine juu yake, hewa ikipita chini. Ikapiga mpaka adhana ya alasiri bila kukohoa.

"Alhamisi ijayo binti yangu anakwenda kwa mumewe," alisema Lalla Sukaina. "Hina yake iliharibika. Nitawaita wote walewale, na wewe ndiye utakayepiga. Nitasimama mlangoni mwenyewe niwaambie kwa nini."

Ghizlan na Anwar walishuka ngazi pamoja, bila kugusana, mpaka kituo cha tramu.

"Sijamaliza kukukasirikia," alisema.

"Najua."

"Alhamisi usije hata karibu na ukumbi. Wala usitume mtu. Wala usipige."

"Sawa."

"Utaweza?"

"Hapana," alisema kweli. "Lakini nitafanya."

Tramu ya Ghizlan ikaja, akapanda, hakugeuka.

Alhamisi ilikuwa siku ndefu kuliko zote za maisha ya Anwar. Hakukuwa na namba za kutazama. Alifagia kibanda mara tatu. Alipanga skrubu za skrini kwa ukubwa, akazimwaga, akazipanga tena. Saa kumi Si Bushaib alimwekea mkono begani, akamkalisha kwa nguvu. Adhana ya magharibi ikalia, ikaisha. Simu ikabaki kimya. Nusu saa. Watu walianza kuteremsha milango ya bati.

Ikalia.

"Ilikuwaje?" alisema kabla ya salamu.

"Nani huyu?"

"Ghizlan, usinitese."

"Salamu kwanza. Sisi si wanyama."

"Salamu alaikum, Lalla Ghizlan. Hali yako. Hali ya mama. Hali ya kaka. Ilikuwaje?"

"Mama mzima. Kaka ana mafua."

"Ghizlan!"

Kicheko chake kilijaa sikioni. Kisha sauti ikashuka. "Saa tatu na nusu mfululizo, Anwar. Hata nukta haikuganda. Lalla Sukaina alicheza mpaka akavua viatu. Wamenikatalia kuondoka. Na mama yangu alikuwa jikoni, akatoka, akacheza mbele ya watu wote, akiwaambia, yule ni wangu, yule ni wangu."

Anwar alijipangusa macho kwa mkono wa shati.

"Upo?"

"Nipo."

"Unalia?"

"Supu imenipalia."

"Uko kibandani, huna supu." Upande wake palisikika maji ya bomba na sahani. "Sikiliza. Nilipokuwa napiga, kila wimbo ukiisha vizuri, nilitaka ujue. Si mama, si meneja. Wewe. Nikajikasirikia sana, halafu nikachoka kujikasirikia. Mama anauliza kama kesho, Ijumaa, mna nafasi."

"Mna? Nani na nani?"

"Wewe na mama yako, kwani nani? Baada ya sala. Kuja kunywa chai."

Miguu ya Anwar, ambayo mwezi mzima haikujua kutulia, ilitulia.

"Chai... chai ya kawaida?"

"Chai ambayo mama wa kijana huja amevaa jilaba yake nzuri, Anwar. Unataka nikuandikie?"

"Na sukari? Tuje na yale mabonge ya sukari ya kuposea?"

"Mawili. Na msichelewe, baba ni mtu wa saa. Huyo nimemwambia mwenyewe. Aliguna, lakini alinyoa ndevu."

Akakata. Anwar alisimama katikati ya kibanda, laptopu ya mteja ikiwa wazi mezani, skrubu kila mahali. Si Bushaib, ambaye hakuwa amekosa neno, alikuwa tayari ameshika ndoano ya kuteremshia mlango wa bati.

"Nenda kwa mama yako," alisema mzee. "Hapa nitafunga mimi."